Rangi Isiyokubali Sabuni

14 Septemba, Sikukuu ya Msalaba

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya friji. Mkaguzi wa chakula, Bi Behrens, alisema kila duka la chakula hapa Bremen lazima liandike joto la friji asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja, na mtu atie sahihi. Madaftari yalikuwa yakiuzwa mawili mawili. La kwanza linajaa nyuzi nne, nyuzi tano, nyuzi nne, na jina langu, Adla Shalhub, kama mtoto aliyepewa adhabu shuleni. Hili la pili ni langu. Mkono ukishazoea kuandika kila siku hauishii kwenye friji.

Leo kwetu Bekaa, Lebanoni, wanawasha mioto vilimani. Hapa mvua inanyesha tangu jana, na mwenye nyumba haruhusu hata mshumaa barazani. Tawfik, mdogo wangu, amenipigia simu akiwa huko juu. Nilisikia kuni zikipasuka. Kontena limefika bandarini. Humo mna achari ya mwaka mzima: matango, pilipili, na zaidi ya yote tanipu, ile mizizi myeupe ya mviringo tunayoikata vipande na kuiloweka kwenye siki na maji ya chumvi, pamoja na kipande cha bitiruti ili igeuke rangi ya waridi. Bila hiyo Mlebanoni hali falafel, zile bajia zetu za dengu, akasema ameshiba.

"Dada," akasema, "subiri uione rangi ya mwaka huu. Utanibusu mkono."

"Mkono wako unanuka siki toka uzaliwe. Sibusu."

Akacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu benki za kule zilipofunga milango na kumeza akiba yake. Karakana yake ina wanawake kumi na wawili wanaomenya na kukata. Karibu kila chupa wanayoifunga inakuja kwangu, na kutoka kwangu inakwenda kwenye migahawa na maduka ya watu wetu mpaka Hamburg na Hannover. Mimi nikikwama, wao wamekwama.

Rangi ni mimi niliyeidai. Mwezi wa Mei chupa za mwaka jana zilikuwa zimepauka kwenye rafu. Wateja walizishika, wakaziinua kwenye mwanga, wakazirudisha. Nikampigia Tawfik nikamwambia watu wa huku wanakula kwa macho kwanza, na kama yeye hawezi kunipa rangi nitatafuta wa kunipa. Nilisema kwa ukali. Naona imesaidia.

19 Septemba

Kontena limetoka forodhani. Karatasi zote safi. Mgongo si safi, nimebeba kama punda.

21 Septemba

Bi Behrens alikuja bila kubisha hodi, kama kawaida yake. Ni mwanamke mrefu, nywele fupi za mvi, koti la mvua la kijani. Nadhani hucheka mara moja kwa mwaka, na mwaka huu bado. Nimempa kahawa miaka sita sasa na hajawahi kuigusa. Hanywi kwa mtu anayemkagua.

Akachukua chupa ya tanipu, akatoa rula.

"Bi Shalhub, herufi hizi ni ndogo kuliko inavyotakiwa."

"Wateja wangu wanasoma kwa ulimi."

"Sheria inasoma kwa rula." Akaisoma lebo yote kwa sauti: tanipu, maji, siki, chumvi, bitiruti. "Basi? Hakuna kingine?"

"Kingine ni jasho la mdogo wangu."

"Basi jasho nalo liandikwe."

Sikujua kama ni mzaha. Alipotoka nilimwambia mlango kwamba huyu mama angekuwepo Galilaya, angempima Petro samaki wake mmoja mmoja. Kesho nitabandika lebo mpya, chupa elfu mbili na mia nne, kwa sababu ya unene wa ukucha.

23 Septemba

Baba Nasif amezionja tanipu. Huyu ni mzee wa Zahle, mji wa kwetu Bekaa, alikuwa mchomeleaji wa meli hapa miaka thelathini, mkewe alifariki mwaka mmoja na mume wangu Fuad. Kila siku kabla ya adhuhuri huja kuchukua mkate, na kila siku huketi kwenye kigoda karibu na kaunta na kula vipande vitatu vya tanipu kwa uma. Hajawahi kulipia hivyo vipande wala mimi sijawahi kuuliza.

Leo alisimama mlangoni akaliangalia dirisha.

"Mama Ghassan, umeposwa? Duka limevaa kama bibi harusi."

"Ningeposwa wewe ungekuwa wa kwanza kuja kula."

"Ya mwaka jana ilikuwa na sura ya mkwe wangu. Hii ndiyo tanipu." Akala vipande vitano badala ya vitatu.

Rangi kweli ni ya ajabu. Nyekundu ya kung'aa, na jua likipita kwenye dirisha ukuta wote unageuka waridi. Chema chajiuza. Watu wanaingia kununua sabuni wanatoka na chupa mbili.

26 Septemba

Mvua. Nimeuza.

29 Septemba

Leo nimefungua pipa la kwanza kwa ajili ya mgahawa wa shawarma wa mtaa wa pili. Kijiko kilizama nikakitoa kwa vidole vitatu, kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani. Nikanawa. Vidole vitatu vimebaki vyekundu. Nikanawa tena.

30 Septemba

Bado. Nimesugua kwa ndimu na chumvi. Ndimu huondoa bitiruti, hilo analijua mtoto yeyote wa Bekaa. Haikutoka. Taulo jeupe nililojifutia limeingia kwenye mashine mara mbili, na alama ya vidole vyangu bado iko pale pale.

1 Oktoba, Jumapili

Misani niliweka mkono mfukoni. Wakati wa kupeana amani nilitoa wa kushoto, na mke wa shemasi akanitazama kama niliyemtukana.

Naandika jambo hili sasa kwa sababu nikiliacha kichwani nitalikunja nikunje mpaka liwe dogo. Mama yetu alikuwa anatengeneza tanipu kwenye chungu cha kijani chini ya ngazi. Tawfik na mimi tulikuwa tunaiba. Tukikamatwa, mama alikuwa anatuosha mikono mwenyewe, anaangalia maji yanavyokuwa mekundu kwenye beseni, anasema: "Rangi ya chakula huondoka kwa maji. Inayobaki ni ya nguo." Siku moja jirani alitia unga wa kutilia sufi rangi ili achari yake ipendeze sokoni, na mama akaimwaga shimoni mbele ya huyo jirani, yote, na hawakusemeshana miaka minane.

Tawfik alikuwepo. Alikuwa ameshika sketi ya mama.

2 Oktoba

Nimempigia.

"Tawfik, bitiruti ya mwaka huu umeitoa wapi?"

"Wapi tena? Shambani kwa Hanna, kama siku zote."

"Haitoki mkononi."

"Ni bitiruti ya udongo mwekundu, dada. Ina nguvu."

"Niapie."

"Naapa kwa kaburi la mama."

Aliapa upesi mno. Nikamuuliza habari za mafuta ya jenereta, akanijibu kwa urefu, na wote wawili tukashukuru kupata la kusema.

4 Oktoba

Nimeuza chupa arobaini. Mvua.

5 Oktoba

Nimeuza. Friji nyuzi nne.

9 Oktoba

Vidole vimesafika hatimaye. Siku kumi. Nimenunua glovu.

11 Oktoba

Mwanangu Ghassan amepiga simu kutoka Munich. Akaniuliza, "Mama, unaumwa? Sauti yako imekonda." Nikamwambia ni hali ya hewa. Wajerumani wanaisingizia hali ya hewa kila kitu, na mimi nimeishi nao miaka thelathini na mbili.

14 Oktoba

Baba Nasif anambatiza mjukuu wake wa kwanza wa kiume wiki ijayo. Anataka chupa thelathini za tanipu, moja katika kila meza, na utepe mweupe shingoni. "Wageni wa Kijerumani watakuja," akasema. "Nataka waone rangi yetu."

Nilimwambia matango ni mazuri zaidi mwaka huu. Akacheka, "Toka lini muuza duka akanikatalia biashara?" Nilizifunga mwenyewe, utepe mmoja mmoja. Sikukosea fundo hata moja, na hilo ndilo linalonitisha.

19 Oktoba

Bi Behrens. Safari hii alikuja na sanduku la baridi kuchukua sampuli. Siyo kwa ajili yangu, alisema, ni zamu tu, kila msimu wanachagua bidhaa chache kwa bahati nasibu. Akachukua chupa mbili za tanipu, moja ya matango. Akaniona nimevaa glovu.

"Miaka sita nakwambia uvae glovu," akasema. "Leo nimefurahi."

Na alifurahi kweli. Akaandika kwenye karatasi yake na kunionyesha: usafi, vizuri sana. Nikatia sahihi. Jina langu lilionekana kama la mtu mwingine.

23 Oktoba

Simu ikilia, naangalia namba kwanza ndipo naipokea.

27 Oktoba

Baba Nasif ameleta peremende za ubatizo kwenye kifuko cha wavu. Mtoto hakulia, amesema. Wajerumani walimaliza tanipu kwenye meza yao wakaomba nyingine. Akala vipande vitatu. Nilimtazama akila mpaka akauliza, "Nina kitu usoni?"

3 Novemba

Leo asubuhi mteja alisahau mwavuli, nikamkimbilia, na niliporudi simu ilikuwa inalia kwenye kaunta. Alikuwa Jamile, mke wa Tawfik. Jamile hanipigii kamwe. Kwa miaka yote huwa anamwambia mumewe "msalimie", na mimi namwambia "na wewe msalimie", na salamu zetu zinakutana njiani.

"Adla," akasema, "yupo kazini, sina muda. Hali. Halali. Tangu umuulize habari ya bitiruti anazunguka uani kama mwenye jino bovu. Nimechoka kumwangalia."

"Alitia nini?"

"Bitiruti ya Hanna iliungua na baridi ya Aprili. Sokoni bei yake ilikuwa haikamatiki. Na wewe ulikuwa umeshamwambia la rangi. Akaenda kwa mfanyabiashara mmoja mjini, akampa unga kwenye mfuko, akamwambia ni wa chakula, wa kutoka nje, wote wanatumia. Kijiko kimoja pipa zima."

"Na yeye akaamini?"

"Aliusoma mfuko. Umeandikwa kwa lugha isiyo yetu. Akaniuliza mimi, kama vile mimi ni profesa. Akakiweka kipande cha tanipu juani siku tano na rangi haikutingishika. Alilia, Adla. Alilia kwa furaha. Akasema sasa dada ataridhika."

Nilikaa kwenye kigoda cha Baba Nasif. Nilitaka kumkasirikia mtu na nikawa natafuta ni nani.

Halafu kukawa na kelele upande ule, mlango, na sauti ya Tawfik, "Unaongea na nani? Nipe." Akapumua kwenye simu.

"Umeapa kwa kaburi la mama," nikamwambia.

"Nimeapa."

"Uliona alivyoimwaga ile ya jirani. Ulikuwa umeshika sketi yake."

"Nakumbuka jirani alivyokula mkate mkavu miezi sita." Sauti yake ilikuwa chini, haikuwa na ugomvi. "Dada, usinifundishe mama. Wewe uliondoka. Mimi ndiye niliyemwosha alipokuwa hajiwezi. Ukaniambia watu wa huko wanakula kwa macho, usiponipa rangi nitatafuta mwingine. Hukuniuliza bitiruti iko wapi. Sasa sikia. Ukienda serikalini, jina langu litaingia kwenye orodha yao, na litasomwa kuanzia Ugiriki mpaka Finland. Sitauza hata kitunguu. Kuna wanawake kumi na wawili hapa. Rima ana mgonjwa wa figo. Mama Shadi ndiye anayelisha nyumba mbili. Ziuze hizi zilizobaki, ziishe. Mwakani natia bitiruti hata kama naichimba kwa kucha."

"Na wanaozila?"

"Hakuna aliyekufa."

"Na wanaozila, Tawfik?"

Nikasikia mashine ya kufungia vifuniko ikipiga tak, tak, na mwanamke mmoja akiimba, sijui kama ni Rima. Kisha akasema, "Fanya unavyoona. Mkubwa ni wewe," akakata.

Sikufungua duka tena baada ya chakula cha mchana. Nimeketi chumba cha nyuma kati ya masanduku. Ziko chupa mia saba na kumi. Nilipomtishia mdogo wangu nilisema sentensi moja tu, nikiwa nimesimama hapa hapa, nimekunja uso juu ya chupa iliyopauka. Nilikuwa na njaa ya kuuza. Naye akaichukua sentensi yangu na kwenda nayo sokoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeyaficha wiki tano, na sikuyaficha kwa ajili ya Rima wala Mama Shadi. Niliyaficha kwa sababu dirisha lilikuwa linapendeza.

6 Novemba

Nilikwenda ofisini kwa Bi Behrens na chupa moja kwenye mkoba. Ghorofa ya tatu, korido ndefu yenye harufu ya zulia jipya. Alishangaa.

"Majibu ya maabara hayajatoka," akasema. "Labda wiki ijayo."

"Najua."

Chumbani mwake kuna sinki dogo. Nikafungua chupa, nikazamisha kidole cha shahada, nikahesabu mpaka kumi, nikanawa kwa sabuni yake mbele yake, mara tatu. Nikamnyooshea. Kilikuwa chekundu kama nilichokitoa kwenye wino.

"Bitiruti haifanyi hivi," nikasema. "Nimejua tangu mwisho wa Septemba."

Alikishika kidole changu akakigeuza upande huu na huu, kama daktari. Kisha akafunga mlango, akaketi, na akaniambia yote bila kuyapunguza. Chupa zote zinarudishwa, zilizoko kwangu na kwa niliowauzia. Tangazo mlangoni lenye jina langu na la karakana. Taarifa kwa nchi zote za soko. Mzigo wa Tawfik kupimwa kila unapofika, kwa miaka, ikiwa atathubutu kuuleta. Faini kwangu, na kubwa zaidi kwa sababu nilijua.

"Na kama ningesubiri majibu yenu nikajifanya sijui?"

"Kwako faini ingekuwa ndogo." Alisema hivyo hivyo, kavu. "Kwa mdogo wako ingekuwa vilevile. Lakini kwenye fomu kuna mstari mmoja wa kuandika kwamba mtu alikuja mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa nimeujaza mara mbili. Leo ni ya tatu."

Akaandika. Kisha akainuka, akamimina kahawa vikombe viwili, akanisogezea kimoja na kunywa kingine. Nilikunywa nikilia, na hakuniambia ninyamaze.

8 Novemba

Nimebandika tangazo. Herufi kubwa kiasi cha kuridhisha rula yoyote.

9 Novemba

Wanarudisha. Wengine wanaweka chupa sakafuni na kuondoka bila neno. Mwenye shawarma alinitukana mbele ya watu, nami nikamwacha amalize. Mama mmoja aliniuliza mtoto wake wa miaka mitatu atapatwa na nini. Nilimpa namba ya Bi Behrens.

Saa tano Baba Nasif alikuja na toroli la sokoni. Akazipanga chupa juu ya kaunta moja moja, na utepe mweupe bado uko shingoni. Zilikuwa sita.

"Nyingine ishirini na nne tulizila," akasema. "Kwenye ubatizo."

"Baba Nasif."

"Nina swali moja tu. Siku ile unafunga tepe hizi, ulikuwa unajua?"

Ningeweza kusema nilishuku. Ningeweza kusema Tawfik aliniapia, na lingekuwa kweli. Nilimtazama yule mzee, kofia mkononi, maji ya mvua yakimdondoka kwenye nyusi.

"Nilijua," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole. "Fuad alikuwa anakusifia ulimi. Anasema, mke wangu ana ulimi kama kisu, lakini hukata mkate tu." Akavaa kofia. "Mimi nilikaa hapo miaka tisa, Adla."

Hajawahi kuniita kwa jina langu tupu. Akatoka na kuusahau mkate niliomwekea kwenye kaunta. Nikamkimbilia mpaka mlangoni nikiwa nao mkononi, kisha nikarudi nao ndani.

13 Novemba

Majibu ya maabara yametoka. Rangi ya viwandani, ya nguo na karatasi, marufuku kwenye chakula.

16 Novemba

Leo chupa zimeteketezwa. Kiwanda cha taka nje ya mji, mvua ya ubavu. Ilibidi niwepo ili nitie sahihi. Bi Behrens hakutakiwa kuwepo, sampuli zake alikuwa nazo tayari, lakini alikuja na lile koti la kijani akasimama pembeni yangu. Mashine ilizivunja chupa na maji yakatoka mekundu yakatiririka kwenye mfereji wa saruji mpaka kwenye tangi.

"Mdogo wako anasemaje?" akauliza.

"Hasemi."

"Hana haja ya kufunga. Mwambie apeleke kila mzigo maabara ya kwao kwanza, na cheti kije na kontena. Ni polepole, lakini njia ipo. Nimekuandikia." Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mwandiko wake wa mkono, hatua kwa hatua, bila neno moja gumu. Nilimdhani mtu wa rula kwa miaka sita. Nimeipiga picha karatasi nikaituma Bekaa. Imesomwa. Haikujibiwa.

20 Novemba

Friji nyuzi nne. Mteja mmoja, alitaka kubadilishiwa noti.

24 Novemba

Jamile ameandika: wanawake saba wameondoka. Rima amebaki. Tawfik hali vizuri lakini anafanya kazi. Chini akaongeza, "Nakusalimia." Hii nimeipokea moja kwa moja.

30 Novemba

Baba Nasif ananunua mkate wake kwa Waturuki. Nimemwona kwenye kituo cha basi na mfuko wao.

3 Desemba

Mkesha wa Mtakatifu Barbara. Nimechemsha ngano na mbegu za shamari kama desturi yetu ya siku hii, nikatia sukari, komamanga, lozi juu. Sikutia zile peremende za rangi tunazozoea kupambia. Nimepeleka bakuli kwa jirani wa juu, kwa mke wa shemasi, na la tatu, lile la bluu la Fuad, nimeliacha mlangoni kwa Baba Nasif. Nilibonyeza kengele nikashuka ngazi haraka. Mtu mzima wa miaka sitini na mmoja.

4 Desemba

Asubuhi alikuja kijana wa kijijini kwetu aliyeshuka na ndege jana, akaniletea kifurushi kilichofungwa kwa sweta kuukuu ya Tawfik. Ndani chupa moja ya tanipu. Juu ya kifuniko, mwandiko wa mdogo wangu: bitiruti, chungu cha mama, wiki tatu. Chini unakiona kipande chenyewe cha bitiruti kimelala. Rangi yake ni hafifu, waridi lililochoka, na upande mmoja vipande ni karibu vyeupe.

Nikampigia. Alipokea mara ya kwanza ilipolia.

"Imefika," nikasema.

"Imepauka?"

"Imepauka."

"Juani itapauka zaidi."

"Basi iache ipauke," nikasema. "Tawfik, mimi ndiye niliyekutuma."

"Karatasi ya yule mama," akasema, "Rima amenitafsiria kwa kutumia simu yake. Maabara wanataka chupa tano za kuanzia." Kisha akaniuliza kama huku kuna theluji. Nikamwambia bado, ni mvua tu.

Chupa nimeiweka dirishani, peke yake.

Kabla ya adhuhuri mlango ukafunguka, na alikuwa Baba Nasif, ameshika bakuli la bluu. Alilisafisha vizuri. Akaliweka juu ya kaunta, na lilikuwa tupu. Kwetu bakuli la jirani halirudi tupu, hata ukikosa kitu unatia ndimu mbili au konzi ya chumvi. Likirudi tupu mtu amekusudia. Alinitazama nilivyolitazama, ili ajue nimeelewa.

"Ngano ilikuwa na shamari nyingi," akasema, akageuka kuondoka. Akaiona chupa.

"Hiyo nini?"

"Ya Tawfik. Si ya kuuza."

Alisimama. Kisha akaichukua dirishani, akaifungua bila kuomba, akakunja mkono wa koti na kuzamisha kidole. Nilisikia saa ya ukutani na maji ya mvua kwenye bomba. Akatoa kidole kikiwa waridi, akapita nyuma ya kaunta, mahali ambapo hajawahi kupita kwa miaka tisa, akafungua bomba la sinki langu. Hakutumia sabuni. Alikiweka chini ya maji, akakisugua kwa kidole gumba mara mbili, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha akikigeuza. Kilikuwa kidole cha mzee tu, na kovu la kuchomelea.

Akarudi upande wake. Akakivuta kigoda, akaketi. Nikampa uma. Alikula kipande kimoja, akitafuna polepole, mimi nimesimama.

"Imepauka," akasema.

"Ndiyo."

"Chumvi imezidi kidogo."

"Mama alikuwa hivyo."

Alikula cha pili na cha tatu, akapangusa uma kwa leso yake. Alipoinuka alichukua mkate mmoja na kuweka senti zake kwenye kaunta, sawasawa. Kisha akalichukua lile bakuli tupu akaliingiza chini ya kwapa.

"Hili nimelirudisha vibaya, Mama Ghassan," akasema. "Nitalileta kesho."

Friji, asubuhi na jioni: nyuzi nne.